Jinsi ya kuingia kijiji kidogo cha pwani na boti ya tanga bila kujiaibisha

Watu wengi wakipanga safari ndefu ya tanga wanawaza dhoruba na bahari kuu, mi nakwambia shida nyingi zinaanza ukishaiona nchi kavu. Bahari kuu haina mwenyewe wala haina mwamba. Kijiji kina vyote viwili. Na pale unapotaka kutia nanga, kwako wewe ni sehemu nzuri ya kupumzika siku tatu, ila kwa mwenye kijiji hapo ni shamba lake, njia yake ya kwenda kazini na ua wa nyumba yake kwa pamoja, kwahiyo kila kitu ntakachosema hapa chini kichukulie kama unaingia na gari kwenye ua wa mtu ambaye hujawahi kumuona.

Karatasi kwanza, tulimalize hili. Kama umetoka nchi nyingine huwezi tu kwenda moja kwa moja kijijini hata kama umechoka vipi, lazima uanzie bandari ambayo ina uhamiaji na forodha, na kijiji kidogo karibu kila mara sio bandari ya namna hiyo. Unaingia na bendera ya njano, ile ya herufi Q, maana yake chombo changu hakina ugonjwa naomba ruhusa ya kuingia, ukishagongewa mihuri unaishusha afu unapandisha bendera ya nchi uliyofika upande wa kulia wa mlingoti. Wapo wanaosema "ah, sheria ya bahari inaruhusu kupita". Ndio, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1982 unakupa haki ya kupita kwa amani ndani ya zile maili 12 za nchi, lakini ni kupita, sio kukaa. Kusimama na kutia nanga kunaruhusiwa kama ni sehemu ya kawaida ya safari yenyewe au una dharura, na kutaka kwenda kuogelea sio dharura. Ukiwa pale bandarini uliza kabisa kama unahitaji kibali cha kuzunguka pwani, maana nchi nyingine zinataka uorodheshe kila sehemu utakayosimama.

Saa ya kuingia ndo kila kitu

Hapa ntakaa kidogo maana ndo watu wanapoharibu boti.

Usiingie usiku. Hata kama GPS yako ni mpya, hata kama mwezi unawaka. GPS inajua ulipo kwa mita chache, sawa, ila chati, yaani ramani ya bahari, ya ile ghuba ndogo inawezekana ilipimwa zamani kabla satelaiti hazijarushwa, mtu yuko kwenye kidau anashusha bildi, ile kamba yenye uzito wa kupimia kina, anahesabu pima, na pale kijijini hakuna meli kubwa inayoenda kwahiyo hakuna aliyerudi kupima tena. Matokeo yake unaona kwenye skrini boti yako imepanda juu ya nchi kavu wakati uko kwenye maji, sasa kama chati imehama mita mia mbili upande huo jua na ule mwamba nao umehama. Angalia ile sehemu ya chati inayosema vipimo vilichukuliwa lini, watu hawaisomi kabisa. Na picha za satelaiti zipakue mapema ukiwa bado una mtandao, uzilinganishe na chati, mara nyingi picha inakuonyesha mlango wa kwenye mwamba vizuri kuliko chati.

Kama kuna miamba ya matumbawe unaingia kwa macho. Mtu mmoja anasimama omo, yaani mbele kabisa ya boti, au akipanda juu kwenye mlingoti ni bora zaidi, na miwani ya jua ile ya polaroidi inayokata mng'ao wa maji, na jua liwe juu au nyuma yenu. Kwahiyo ni kama saa nne asubuhi mpaka saa nane au tisa mchana. Kama mlango unaingilia kuelekea magharibi nenda asubuhi jua likiwa mgongoni, kama unaelekea mashariki subiri jua lipinduke. Rangi zinasomeka hivi: bluu iliyokolea ni kina kirefu, kijani ya kung'aa ni mchanga na maji yanapungua, kahawia au njano njano hapo kimbia ni jiwe liko karibu na uso wa maji. Ila wingu likipita rangi zote zinadanganya, simama kwanza lipite. Nyasi za baharini nazo zinafanana na jiwe ukiwa mbali, bora uziogope bure.

Sasa maji. Ingia maji yakiwa yanajaa, yasiwe yamejaa kabisa, yawe nusu yanaelekea kujaa, ili ukigusa chini unakaa kidogo unakunywa chai maji yanakunyanyua yenyewe. Ukigusa maji yakiwa yanapwa, ndugu yangu, hapo umepwelewa, utakaa saa nyingi boti imelala ubavu na kijiji kizima kimekaa ufukweni kinakuangalia. Na kuna kosa kubwa kuliko hilo, kupanda fungu la mchanga kwenye kilele cha bamvua, yale maji yanayojaa kuliko siku nyingine, siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maana maji yale yanaweza yasirudi kwenye kimo kile mpaka bamvua nyingine, na hiyo ni kama wiki mbili. Maji mafu, zile siku kati ya bamvua mbili maji yanapojaa kidogo, yana afadhali, ukipanda siku hizo kila siku inayofuata maji yanazidi.

Hesabu ya haraka ambayo huhitaji apu: kujaa kunachukua kama saa sita hivi, unagawa kimo chote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuseme tofauti ni mita 3, basi saa ya kwanza umepata sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu peke yake inakupa 75. Kwahiyo zile saa za katikati ndo maji yanakimbia, na mkondo mlangoni nao unakuwa mkali. Kila siku ratiba inachelewa kama dakika 50. Sehemu nyingine za dunia maji yanajaa mara moja tu kwa siku, na nyingine hayasogei kivile, angalia jedwali la pale unapoenda usibebe mazoea ya kwenu.

Umechelewa? Lala nje. Unabana tanga la mbele upande wa upepo, usukani unaulaza kama unataka kuelekeza omo kwenye upepo, boti inatulia inaelea pole pole, mnapokezana zamu mpaka kuche. Nafasi ya kutosha tu iwepo upande ule upepo unakosukuma. Mi nimelala nje mara tatu naona taa za kijiji na harufu ya moshi wa jikoni inanifikia, inauma kwa kweli, ila sijawahi kujutia hata mara moja.

Sababu nyingine ya kutoingia gizani ni nyavu na dema, ile mitego ya samaki. Maboya ya wavuvi wadogo ni chupa za plastiki, kipande cha mpira, saa nyingine gogo tu, hayana taa. Wavu ukijizungusha kwenye propela umepoteza injini na mwenye wavu amepoteza kitega uchumi chake, tena wewe ndo mgeni. Ikitokea usikate kamba ukaondoka kimya kimya, utafute mwenyewe mmalizane.

Kutia nanga

Usifike ukamwaga nanga sehemu ya kwanza unayoipenda. Zunguka pole pole, angalia vyombo vyao vimelala wapi na vinapita wapi kutoka na kuingia. Ule uwazi mzuri katikati ambao hakuna chombo, unajiuliza mbona wameacha sehemu nzuri hivi, ndo barabara yao, na saa kumi alfajiri utajua. Usifunge kwenye boya usilolijua, huenda ni la mtego, au chini kuna jiwe la kushika mtumbwi, halitoshika tani zako nane.

Kama kuna mvuvi karibu muulize, huyo ndo chati yako ya kweli. Lakini kuna mtego hapa. Ukimuuliza pana maji ya kutosha atakwambia yapo, na hadanganyi, chombo chake kinahitaji nusu mita, cha kwako kina mkuku, ule uti wa chini ya boti, wa mita mbili chini ambao yeye hauoni. Mi nabeba mchoro wa boti yangu kwenye karatasi ngumu, unaonyesha na sehemu ya chini ya maji, na mtu amechorwa pembeni kulinganisha urefu. Nilishawahi kuona mzee anauangalia ule mchoro anacheka afu ananivuta mkono anionyeshe sehemu nyingine kabisa. Ulishaniokoa huo mchoro kuliko vifaa vyote.

Chini pawe mchanga au tope. Sio kwenye matumbawe, sio kwenye nyasi za baharini, samaki wanazaliana humo na mnyororo wako unafyeka duara zima kila upepo ukigeuka.

Urefu wa mnyororo watu wanakosea kwa kuhesabu kina cha saa ile. Chukua kina cha sasa, ongeza maji yatakayojaa, ongeza kimo cha omo kutoka kwenye maji, zidisha kwa tano kama ni mnyororo mtupu au kwa saba kama sehemu kubwa ni kamba. Mfano kina mita 5, maji yatapanda 3, omo iko juu mita 1, jumla 9, mara tano ni mita 45. Na uangalie upande wa pili pia, maji yakipwa utabaki na kina gani chini ya mkuku. Fungia kamba ya naironi ya mita chache kwenye mnyororo ivute kwa kulegea, bila hivyo kila wimbi linapiga mshtuko kwenye boti na usingizi hamna.

Afu rudisha nyuma na injini, taratibu kwanza, kisha ongeza, huku unaangalia vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mnazi na paa la nyumba, mti na jabali, chochote. Vikibaki kwenye mstari nanga imeshika. Ikiwezekana vaa miwani ya kuzamia ukaione kwa macho yako. Kumbuka mchana upepo unatoka baharini, usiku mara nyingi unageuka unatoka nchi kavu, boti nzima inazunguka, sasa lile jiwe lililokuwa mbali ubavuni linakuwa nyuma tu ya tezi, mwisho wa boti. Duara lote liwe salama, sio upande mmoja tu. Na vyombo vya wenyeji vimefungwa kwa kamba fupi havizunguki kama wewe, wape nafasi.

Usiku washa taa nyeupe inayoonekana pande zote juu, mchana tundika lile tufe jeusi omo, ni kanuni ya kimataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia vyombo kugongana, lakini hata isingekuwepo ungewasha, maana kuna watu wanatoka kuvua usiku bila taa na hawategemei kukuta ukuta wa fibaglasi katikati ya njia ya kila siku.

Kushuka

Usikimbilie kushuka. Kunja tanga, panga kamba, kaa waone upo. Wakija na mitumbwi wapokee vizuri, ning'iniza maboya ya ubavuni wasiharibikiwe na wewe usikwaruzwe. Mara nyingi huyo wa kwanza atakwambia mwenyewe nani wa kuonana naye.

Kile kiboti cha mpira (wenyewe wanakiita dingi, sio yule mzee wa nyumbani) kina mambo yake. Beba makasia hata kama injini ni mpya, beba nanga ndogo na kamba ndefu, tochi, maji ya kunywa, redio ya mkononi. Ile kamba ya kuzima injini funga mkononi kila safari, ukidondoka injini ikazidi kuzunguka propela inakurudia wewe. Ufukwe wenye mawimbi usiingie kichwa kichwa, kaa nje uhesabu, mawimbi makubwa yanakuja kwa makundi kisha panatulia, ukipata utulivu nenda moja kwa moja, injini inua mapema, ruka kiboti kikigusa na ukivute juu. Kikikulalia ubavu kwenye wimbi umeloa na simu imekufa. Ukiona hakuna chombo cha mwenyeji kinachotoka siku hiyo wala usijaribu.

Na maji tena. Siku moja nilivuta kiboti mpaka mchangani nikasema haya, nikaenda kutembea kijijini, nilivyorudi bahari ilikuwa imeondoka, yaani tope mbele yangu kama mita mia tatu hivi na boti yangu kule mbali inaelea kama picha. Kiboti na injini ni kilo karibu sabini. Nikakaa chini ya mti mpaka usiku, watoto wakawa wananiletea habari za maji kila nusu saa, "bado". Siku hizi kabla sijashuka najua saa ya maji kama najua jina langu, na kama yanajaa navuta juu sana na bado naweka nanga, maana kiboti kikiondoka chenyewe ni balaa lingine. Pia usikiache juu ya yale magogo wanayovutia vyombo vyao.

Mtu mzima wa kwanza unayekutana naye msalimie, kwa lugha yake, jifunze salamu, asante, samahani, naomba na kwaheri kabla hujafika, matano tu yanatosha kuanzia. Uliza kiongozi au mzee wa hapo ni nani na ukamuone kabla ya kuanza kuzurura. Mwambie mmetoka wapi, mko wangapi, mtakaa siku ngapi, muulize nanga iko sawa pale ilipo, afu uliza hili ambalo wageni wengi hawaulizi: kuna sehemu hatutakiwi kwenda? Inaweza kuwa makaburi, kisima, mwamba walioufunga samaki wazaliane, huwezi kujua kwa kuangalia. Akisema sogeza nanga, sogeza siku hiyo hiyo bila kununa. Wakikuomba mchango wa kutia nanga uliza kwa heshima unakwenda wapi, kama ni wa kijiji toa, beba noti ndogo ndogo maana hakuna wa kukurudishia chenji.

Nguo vaa za kukufunika mabega na magoti mpaka uone wenyewe wanavaaje, ile bukta ya kuogelea iache kwenye boti. Picha omba kwanza. Droni mi nasema acha kabisa, unarusha kamera juu ya nyua za watu ambao wanaoga nje, halafu unashangaa wamekasirika.

Usivue pale bila ruhusa. Kutupa ndoano mnapoingia ni kitu kimoja, kuzama na mshale kwenye mwamba wao kutoa kamba kochi ni kuvuna shamba la mtu. Nunua kwao. Na usinunue kila kitu, kama wana mayai kumi usibebe yote kumi kwa sababu tu pesa unayo, kesho kuna mama atakosa. Maji ya kunywa vile vile, kisima kidogo msimu wa ukame hakijajengwa kwa ajili ya matangi yako ya lita mia nne, njoo umejaza.

Zawadi ni jambo gumu. Kugawa peremende ufukweni usifanye, boti inayofuata itapokelewa na watoto wanaodai na wazazi wao watakuchukia kimya kimya. Vitu vinavyofaa ni ndoano, uzi wa kuvulia, kamba iliyotumika lakini nzima, miwani ya kusomea, na umpe mtu ambaye mmeshaongea. Dawa usigawe kama wewe sio daktari, dozi nusu inaweza kumdhuru mtu. Kazi ndo zawadi nzuri kuliko zote, ukijua kutengeneza injini ndogo au kuunga waya utapendwa mno, ila jiandae, ukichaji simu moja leo, kesho asubuhi kuna mitumbwi sita na simu thelathini, mi betri zangu zilishawahi kuzimika hivyo na nilikuwa sina wa kumlaumu.

Wakitaka kuja kuona boti karibisha, wachache wachache, watoto waje na mtu mzima, na hali ya hewa iwe tulivu. Usiku kiboti kining'inize juu ya maji ubavuni, sio kwa sababu watu ni wezi, kamba zinajifungua na kitu kilichoachwa wazi ni kishawishi popote duniani. Kikipotea kitu nenda kwa yule mzee, ongea naye mkiwa wawili, usianze kupiga kelele ufukweni.

Taka zako ondoka nazo. Kijijini hakuna gari la taka, ukiwapa mfuko zitachomwa au zitatupwa nyuma ya nyumba, na mvua ikija zinarudi baharini. Plastiki kutupa baharini imekatazwa popote pale, hata katikati ya bahari kuu, ni mkataba wa kimataifa. Mi naosha, nakata vipande, najaza kwenye dumu mpaka mjini. Na ukiumwa, hata mafua tu, baki kwenye boti, zahanati inaweza kuwa mbali sana na wale vikongwe mafua yako yanaweza kuwaelemea.

Kuondoka

Aga siku moja kabla, usipotee alfajiri kama mdaiwa. Kutoka fuata ile njia uliyorekodi kwenye GPS ulipoingia, ndo maana ulitakiwa uirekodi, maana siku upepo ukigeuka usiku wa manane na ikabidi ukimbie utakuwa na mstari mmoja ambao unajua ulipita salama. Nanga ikigoma kutoka usiivute kwa nguvu za injini, utang'oa jiwe au utapinda nanga. Vuta mnyororo mpaka usimame wima, mtu azame aangalie umekamata wapi, mara nyingi ni kuulegeza tu na kuzunguka upande wa pili.

Vipimo ulivyochukua, kina, chini pakoje, upepo gani unaingia, viandike siku hiyo hiyo kabla hujasahau, boti nyingine itavihitaji. Ila kabla ya kuvirusha mtandaoni pamoja na jina la kijiji na ramani, muulize yule mzee kama wanataka wageni zaidi. Mmoja nilimuuliza akakaa kimya muda, akasema boti mbili kwa mwezi sawa, kumi hapana. Basi vile vya kwake nikaviacha kwenye daftari.